Chumvi Haikorogwi

Nimemletea Somoe picha.
Tumechutama kwenye tuta la jaruba lake la tano, Mchinga,
jua la saa nane, yeye na reki yake,
mimi na viatu vya mjini vinavyokunywa maji ya chumvi.
"Ndiyo kazi ya miaka mitatu hii?"
Ndiyo.
"Mbona kama utepe uliotupwa na fundi cherehani?"

Ni protini, dada. Unayo sasa hivi,
katika kila seli, ndani ya kiini,
kule uzi wa urithi ulikozungushwa kwenye vigurudumu,
mita mbili za uzi mahali pasipotosha hata chawa.
Vigurudumu vina mikia, mikia ina alama.
Hii haikati uzi, haishoni. Inasoma.
Inapapasa mikia gizani; ikikuta alama
inaing'ata, inaita wenzake: hapa, fungueni hapa.

"Karani wa ghala la korosho," anasema.
"Hafungui gunia. Anatazama rangi ya ubavuni,
anapiga kelele, vijana wanabeba."
Na karani akiingiwa na wazimu?
"Watabeba hata lisilobebwa."

Kimya. Reki inadondosha matone.
Sote wawili tumemkumbuka Mama Nang'olo
na uvimbe wa shingoni, kwanza kokwa, kisha yai la kanga.
Hatumtaji jina.

Hebu tazama hapa, kidole changu kilipo,
hiki kidude cha manjano.
Molekuli ndogo, atomi ishirini na tisa.
Imeingia mdomoni mwa msomaji
ikakaa palepale alama ilipotaka kukaa.
"Mmemziba karani mdomo."
Tumemziba. Kichupani, si ndani ya mtu.
"Kichupani!" Anacheka mpaka anashika kiuno.
"Kichupani hata mimi mganga."

Simjibu. Ni kweli.

Namweleza basi tulivyoiona, maana jicho haliioni:
lazima kwanza igande iwe fuwele,
mabilioni wamepangana safu kwa safu kama askari wa gwaride,
ndipo eksirei ipite katikati yao na kutoka na habari.
Matone mia tisa, kila moja dogo kuliko chozi.
Mengine yakawa unga. Mengine utando, kama wa chai iliyopoa.
Miezi saba nafungua kabati kila asubuhi.
"Ulikuwa unaitikisa."
Nilikuwa naikagua.
"Ndiyo hivyo. Chumvi haikorogwi, we Hamisa.
Ukiikoroga inakupa vumbi."
Na kweli nilipougua, nikalala siku tisa,
niliporudi ilikuwepo, ina kingo,
katika tone ambalo nilishaliandikia: TUPA.

Hanicheki safari hii. Anaingia majini,
anaokota punje kubwa, pembe nne, anaifuta kwa kanga,
anaiinua juani. Ndani yake
kuna kitone kinachotembea ukiipindua.
"Bahari imebaki humo," anasema. "Haikupata njia."

Nikamwambia jambo ambalo sijaliandika popote:
chini kabisa ya ule mdomo kuna maji.
Molekuli nne za maji, zimeshikana mikono.
Kidude cha manjano kilipokuja hazikutoka,
kimekaa juu yao kama mgeni juu ya mkeka wa wenyewe.
Picha ya kwanza nilizifuta. Nilidhani ni uchafu wa kipimo.
Mwalimu akanirudishia karatasi, na neno moja kwa wino mwekundu:
Maji?

Pikapu ya Lindi inapiga honi barabarani.
Somoe anaweka ile punje juu ya picha, upepo usiibebe,
anakimbia kugombana: elfu tisa gunia, si saba,
nani kakwambia saba!
Nabaki na kopo la rangi ya bluu.
"Tia alama," ananipigia kelele, "mistari miwili, ubavuni,
na usitie pale penye maji."
Natia. Mkono unatetemeka kidogo.
Chini ya punje karatasi imeanza kulowa,
pete ndogo inatanuka
kuelekea kwenye manjano.